Maternité Isiyofunguka

Lubumbashi, 4 Machi 2023

Mama mpendwa,
Jambo sana. Mgongo unaendeleaje? Sisi huku wazima.
Ramani ya maternité, nyumba yenu ya kuzalia, iko tayari. Nimeijenga kwanza ndani ya kompyuta: kila nguzo na kila bati vina namba, na nimeonyesha kipi kifunguliwe kabla ya kipi. Ziwa likifurika na kusogea, mafundi watalegeza bulon, zile skrubu kubwa zinazoshika nguzo, watapandisha vyote kilimani na kufunga upya. Mwambie Baba Mdogo Albert, kwa kuwa ndiye prezida wa komite, bulon zisiguswe na simenti.
Mwanao, Jérémie

Baraka, 20 Agosti 2023

Jérémie mwanangu,
Salamu nyingi. Mgongo umepoa, ila leo nimechukizwa. Wamezindua maternité. Albert alileta wachomeleaji, kila bulon ikachomelewa, kisha ikafunikwa simenti. Nilimuuliza, akanijibu mbele ya watu: “Nyumba ya kufungua ni ya bakimbizi! Siye tunajenga durable, nyumba ya kudumu. Na hizo bulon zikibaki inje, bezi bataziiba.” Wakampigia makofi. Akakaa kutafuna mbuzi, mafuta yakimtiririka kidevuni, akijisifu kwamba wazo lote ni lake. Mimi sahani yangu niliirudisha.
Mama yako

Lubumbashi, 2 Septemba 2023

Mama,
Pole. Nimemwandikia Baba Mdogo, hajibu. Kwenye kompyuta yangu nyumba ile bado inafunguka vizuri, na kuiangalia kunanichukiza. Wakate hiyo michomeleo kabla ya mvua. Dada Gentille anasema ana mimba. Asije akakosa pa kuzalia.
Mwanao

Baraka, 9 Mei 2024

Mwanangu,
Mungu ametulinda, tuko hai. Maji yamefika madirishani mwa maternité. Vijana walipiga nyundo mpaka mikono ikachubuka. Wameokoa mabati tu, nguzo zimepinda. Na Albert, bila haya, analeta wageni pale: “Muone, hata ziwa imeshindwa kuivunja!” Nilitema mate karibu na viatu vyake.
Gentille amezalia jikoni kwetu, juu ya mkeka, mvua ikivuja. Ni msichana, mzima.
Leo asubuhi Albert alikuja na kuku kumpa mtoto jina, kama mkubwa wa familia. Nimemrudisha na kuku wake. Jina utatoa wewe.
Mama yako