Alama ya Mtu wa Mwisho

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mama ameniambia bado unapanda ngazi kwa ubishi na daktari ameshanyoosha mikono. Huku hatujambo. Wajukuu zako hawashibi, na mama yao anakusalimu sana.

Uliniuliza darasa langu la hesabu linaendeleaje. Baba, kipindi changu ni baada ya chakula cha mchana. Nusu ya kidato cha pili walikuwa wanalala, nusu nyingine wananionea huruma. Mwalimu mkuu akaniita ofisini, akasema mtihani wa mwisho wa muhula atautunga yeye mwenyewe, na wastani usipofika hamsini ninanyang'anywa darasa. 

Ndipo nikawagawa katika timu tano za watu sita sita, moja ikapungukiwa mtu. Kila wiki shindano, na timu itakayoongoza mtihani wa mwisho ingepelekwa kutembelea uwanja wa ndege. Kanuni niliitunga mwenyewe, nikajisifu nayo: alama ya timu ni ya yule aliyepata chini kuliko wote. Sikutaka wenye akili wawaache wenzao. Usingizi ukaisha wiki hiyo hiyo. Wakawa wanafundishana kwenye foleni ya chakula, hadi mpishi akaja kushtaki kwamba ubao wake wa kukatia mboga umeandikwa milinganyo kwa mkaa.

Timu pungufu ilijiita Bora Uhai, maana ilishika mkia kila wiki. Nahodha wao ni binti mpole tunayemwita Bibi kwa jinsi anavyotembea taratibu. Mtihani ulipokaribia akaja kuomba mtu wa sita, darasa zima likanitaja mimi. Nikakubali kwa maringo, nikijiona nimewaokoa. Mtihani tukafanya wote, timu zikabadilishana karatasi kusahihisha.

Hapa, Baba, kalamu inagoma. Wastani wa darasa ulifika sitini na mbili. Katika Bora Uhai, watano hawakushuka chini ya sabini. Wa sita alipata thelathini na nane, na wa sita ni mimi. Watoto wa watu wamekosa ndege kwa ajili yangu.

Ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa historia. Mwalimu wa hesabu alipohama nikapewa kipindi chake, nikaona haya kukataa, kwa kuwa wewe ulifundisha hesabu miaka thelathini na umewatangazia majirani kwamba nimerithi kichwa chako. Tangu Januari nilikuwa nakariri majibu ya nyuma ya kitabu. Nimekudanganya, Baba, na roho inaniuma. Nisamehe.

Nilikwenda kuiomba radhi timu yangu. Bibi akanivutia kiti, akasema, "Kanuni ni yako, Mwalimu. Wa mwisho haachwi, anafundishwa. Kaa."

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Darasa ameniachia, mradi nisikose masomo ya Bibi. Basi kila mchana nakaa dawati la mbele. Jana nimepewa maswali kumi ya nyumbani. Tisa nimeyaweza, la kumi limenitoa kijasho chembamba, nimeliandika nyuma ya karatasi hii. Nionyeshe njia tu, tafadhali, jibu usiniandikie. Bibi anakagua.

Mpe Mama salamu zangu. Majirani uwaambie pole pole.

Ni mimi mwanao,
wa sita, Bora Uhai