Benchi la Upande Wako

Baba Upendo,

Kamwene. Umeshtuka, eh? Mimi Mnyakyusa wa Tukuyu, niliyekaa Iringa miaka yote hii nikigoma kuamkia Kihehe mpaka mama yako akaninunia, leo nimeanza mwenyewe bila kulazimishwa. Sababu utaiona mbele. Nakuandikia nimekaa hapa kwenye cherehani, shati la mtu lina mkono mmoja, na mwenyewe anakuja kulichukua jioni. Atanikuta sijamaliza na tutagombana. Sijali. Nina habari siwezi kukaa nayo.

Ile muvi imekuja. Maji ya Mbali, sehemu ya pili ya Nahodha akiwa kijana, ile uliyoisubiri ukiwa kitandani. Mzee Kalolo aliionyesha Jumamosi kibandani kwake hapa Mlandege, na mimi nilikwenda.

Lakini kwanza nikwambie kuhusu mwanao, maana yeye ndiye kaninyima raha. Tangu tukuzike, Upendo ana swali moja tu: "Mama, baba alikuwaje kabla hajaumwa?" Yeye anakujua wewe wa kitandani, wewe wa miguu iliyovimba na beseni pembeni. Ulipoanza kuugua figo alikuwa hajajua hata kufunga viatu. Kila akiuliza namwambia, "Alikuwa mtu mzuri," halafu naanza kukanyaga cherehani hata kama hakuna nguo chini ya sindano. Siwezi, Baba Upendo. Nikifungua mdomo kusimulia ulivyokuwa ukicheka, nauona mwisho tu. Basi mtoto ameacha kuniuliza. Juzi nimemkuta gengeni anamuuliza muuza nyanya kama alikufahamu ulipokuwa na nguvu zako. Muuza nyanya! Nilirudi ndani nikakaa chini.

Unakumbuka kibanda kilivyokuwa enzi zetu? Bati juu, turubai ubavuni, televisheni ya chogo imefungiwa kwenye wavu kama kuku wa kuuzwa. Muvi ikiisha hakuna aliyetoka. Mzee Kalolo, mwenye kibanda, alikuwa anazima mashine, anakaa juu ya kreti la soda, anasema, "Bunge limekaa." Mabenchi mawili yanageuzwa yatazamane, wanaoisifu muvi upande wa mlangoni, wanaoiponda upande wa ukutani. Na sheria ilikuwa moja. Hoja ikikushinda hakuna wa kukuambia umeshindwa. Unainuka mwenyewe, unavuka, na wa benchi la pili wanakusogezea nafasi huku wanaitikia kwa pamoja, "Kamwene!" Nimeona wanaume wazima wakivuka wameinamisha kichwa kama wanakwenda kuchumbia.

Mimi sikuwahi kuvuka. Wewe pia. Ndivyo tulivyojuana, tumetazamana, mbishi kwa mbishi.

Na kisa kilikuwa Nahodha. Muvi tatu za kwanza tulizipenda wote, mzee yule mwenye jicho moja anavusha maji kutoka sayari hadi sayari, hacheki hata siku moja. Mlandege nzima ilijua stelingi, yule mkuu wa muvi, hafi. Stelingi anapigwa, anafungwa, anatupwa korongoni, lakini hafi. Sasa mwisho wa ile ya tatu Nahodha akabaki nyuma kufunga mlango ili wenzake waondoke, moto ukamkuta pale pale. Tukakaa tunangoja atokee kwenye moshi. Majina ya wachezaji yakapita mpaka yakaisha, hakutokea. Kinyozi wa jirani akadai arudishiwe kiingilio.

Halafu wale watu, bila hata aibu, wakatuletea muvi ya nne iliyorudi nyuma, Nahodha kijana ana macho yote mawili. Sisi tukaziita muvi za Kabla. Hapo ndipo vita vyangu na wewe vilipoanza.

Hoja zangu nilikuwa nazo na bado ninazo. Hivi inawezekanaje vyombo vya angani vya zamani viwe vinang'aa kuliko vya baadaye? Kwa nini watueleze mpaka ile filimbi ya shingoni kwake aliipata wapi, sisi tuliona raha kutojua! Na kijana mwenyewe hafanani naye hata masikio. Lakini ile hoja yangu kubwa ulikuwa unaijua. Nilisimama nikasema, "Mtu nimeshamzika. Namwangalia anakunywa chai ili nipate nini? Kila akicheka mimi naona moto." Benchi langu likapiga miguu chini, vumbi likatimka.

Wewe ukainuka taratibu, una grisi mpaka kwenye kiwiko, ndiyo kwanza unatoka Ruaha Mbuyuni kutengeneza pampu za wakulima wa vitunguu. Ukasema, "Dada yangu, mimi pampu huwa naletewa imeshakufa. Na swali la kwanza namuuliza mwenyewe: ilipokuwa nzima ilikuwa inalia vipi? Asiponiambia, sijui naitafuta wapi." Wawili wa kwangu wakavuka. Nilikuchukia siku hiyo, halafu nikafua gauni langu zuri kwa ajili ya Jumamosi inayofuata.

Na lile balaa la ndugu saba, hivi unalikumbuka? Sisi muvi zetu zilikuwa za kutafsiriwa, DJ anaongea Kiswahili juu ya Kizungu, na yule DJ wa Maji ya Mbali alikuwa haishiwi maneno. Kwenye ile ya kwanza alituambia Nahodha ni mtoto wa mwisho wa ndugu saba na mama yake alikuwa muuza ndizi. Tukaamini, tukampenda kwa hilo. Kufika kwenye Kabla tunaona kijana kalelewa peke yake na mashine, hakuna mama, hakuna hata mgomba. Weee! Kibanda kilitaka kuvunjika. Benchi langu tukasema watengenezaji ni waongo, wamesahau hadithi yao wenyewe, wamewaua watoto sita na mama mmoja. Tulibishana Jumamosi kwa Jumamosi. Wewe ukawatetea kwa nguvu zote. Ukasema labda ndugu zake walikwenda kutafuta maisha sayari nyingine, mbona vijana wa hapa wanakwenda Makongolosi kwenye dhahabu na hawaonekani tena?

Mpaka alipopita mgeni mmoja aliyeiona ile ya kwanza kwa Kizungu chake. Akatusikiliza, akacheka mpaka akashika mbavu. Hakukuwa na ndugu yeyote. Hakukuwa na ndizi. DJ alijitungia tu, kipande kile hakikuwa na maneno na yeye kukaa kimya hajui. Bunge zima tulikuwa tunagombania watu wa mdomo wa DJ.

Nilitaka ardhi ipasuke. Wewe ulipanda juu ya benchi ukacheka, mikono juu, meno yote nje, ukasema, "Sasa mimi nimewatetea nani?" Benchi likavunjika mguu ukaanguka na kinyozi. Jioni ile ulinisindikiza mpaka mlangoni kwa shangazi, unachechemea na bado unabisha. Ulisema DJ hakukosea kabisa, maana bila mama muuza ndizi tusingelia Nahodha alipokufa. Nikakuambia wewe una jibu la kila kitu. Ukasema isipokuwa moja, kama nitakubali kuolewa na Mhehe. Shangazi alikuwa dirishani anasikiliza, akakohoa.

Hayo yote nilikuwa nimeyafungia, Baba Upendo. Yanatoka leo kama maji ya bomba lililokuwa limeziba.

Safari yetu ya mwisho kwenda Mbeya ndiyo inayonitesa zaidi. Tumekaa viti vya katikati, mto wako wa kitenge mgongoni, na Mungu naye ana vituko vyake, kondakta akaweka Kabla ile ile kwenye televisheni ya basi. Ya Kizungu tupu, bila DJ. Tulipopita Mafinga ukaanza kunitafsiria sikioni. Hukuwa unajua Kizungu kuliko mimi! Ulitia chumvi mpaka nikafumba mdomo nisicheke. Ulimrudishia Nahodha mama yake, na ndugu sita ukawapa majina ya mashemeji zangu. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akasogeza kichwa, akasema, "Baba, ongeza sauti kidogo na sisi tusikie." Ukaongeza. Kufika Makambako nusu ya basi ilikuwa inakusikiliza wewe. Ulikuwa umekonda, sauti imepungua, lakini ulikuwa wewe yule yule wa juu ya benchi.

Ulipochoka ukaniegemea. Ukasema, "Mama Upendo, siku ukivuka benchi nataka niwepo, nikusogezee nafasi." Nikakujibu, "Thubutu! Utangoja sana." Ukatabasamu ukalala. Chimala tumeipita umelala. Pale hospitali ya rufaa hukukaa sana, na kurudi Iringa hukurudi na basi.

Sasa sikiliza ya Jumamosi. Sikutaka kwenda. Mzee Kalolo mwenyewe alikuja hapa dukani, fimbo mkononi siku hizi, akasema, "Mwanangu, bunge bila upinzani siyo bunge." Nikamchukua Upendo tukaenda. Kuna televisheni bapa sasa, na viti vya plastiki nyuma. Lakini mabenchi yetu mawili yapo mbele, lile la kwenu bado lina mguu wa kuchongesha. Mwisho wa benchi, karibu na mlango, hakuna aliyekaa. Kibanda kimejaa watu wamesimama, na pale hakuna aliyekaa.

Muvi yenyewe mbovu. Sikudanganyi, hata wewe ungepata kazi kuitetea. Vyombo vinang'aa kuliko sufuria jipya, maneno mengi, vita vya kuungaunga. Ila kuna kipande Nahodha kijana anawapikia wenzake, chakula kinaungua, moshi unajaa chombo kizima, na yeye anacheka. Anacheka kweli, kakaa sakafuni na mwiko. Upendo akacheka naye, kwa sauti. Halafu akanivuta mkono.

"Mama, huyu si ndiye anayekujaga kufa?"

"Ndiye."

"Sasa mbona anacheka?"

"Bado hajafa, mwanangu."

Akafikiri kidogo, akasema, "Basi ngoja nimwangalie vizuri." Akasogea mbele ya kiti asipitwe na kitu. Baba Upendo, nilijikaza kisabuni lakini machozi yalitoka tu. Nilikuwa namnyima mtoto nini miaka yote hii?

Muvi ikaisha, mabenchi yakageuzwa. Mzee Kalolo akaniangalia, wote wakaniangalia. Nikasimama ukutani kwangu nikaiponda muvi ile kwa haki yake, kuanzia vyombo mpaka nywele za kijana yule, hakuna nilichokibakiza. Watu wakashangilia, wakasema mama karudi. Nikasubiri watulie. Kisha nikavuka.

Kinyozi akasema, "Mama Upendo, umekosea benchi."

Nikamwambia, "Sijakosea. Fundi wa pampu alishaniambia muda mrefu, ila kusikia ndiyo nimesikia leo."

Mzee Kalolo akaanza yeye, na benchi zima likaitikia, na ukutani pia, ambao si kawaida yao: "Kamwene!" Na mimi nikajibu kwa Kihehe chenu hicho hicho.

Nyumbani nikaondoa nguo za watu kwenye meza, nikamwambia Upendo akae. Nikaanza na grisi yako. Nikaja kwa ndugu saba, kwa benchi kuvunjika, kwa shangazi na kikohozi chake. Alicheka mpaka akashuka kwenye kiti, na akicheka, jamani, anafumba jicho moja kama wewe. Nikikwama anasema, "Halafu?" Nikapata nguvu nikaendelea. Nimetia chumvi kidogo, siwezi kukuficha. Kwenye masimulizi yangu benchi limevunjika miguu yote minne. Kesho ameomba nimweleze sauti yako ilikuwaje ulipokuwa unaimba ukifungua pampu, na nitamweleza. Nitamwimbia hata kama nitakosea.

Kuna moja tu la mwisho, halafu nishone shati la watu. Pale mlangoni Jumamosi, nilipokaa sehemu yako, nilijibana, nikasogea kidogo, nikaacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yangu. Kinyozi alitaka kukaa nikamzuia kwa mkono. Nilikaa hivyo bunge zima. Ulisema siku nikivuka ungekuwepo.

Nimevuka, mume wangu. Nafasi nimeisogeza mimi.

Mbishi wako wa benchi la ukutani, aliyehama,
Mama Upendo