Ulimi wa Bagas na Ulimi wa Baba Yake

Mpendwa Mama Wening,

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaniona mjinga, kwa sababu wenzangu hupiga simu redioni wakaeleza shida zao kwa mdomo, na mimi shida yangu ndiyo mdomo wenyewe, ndiyo maana nakuandikia wewe wa gazetini. Jina langu ni Darmuji, nina miaka thelathini na sita, natengeneza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, hapa mjini Kebumen, na jina hilo sijawahi kulitamka sawasawa tangu nizaliwe, maana ulimi wangu haunyanyuki, R yangu hutoka L, na shuleni mwalimu alipotutaka tujitaje mmoja mmoja nikasema Dalmuji, darasa zima likaangua kicheko, na mpaka leo hata wazee wenye wajukuu wananiita Dalmuji sokoni, nami nacheka nao.

Siku ya kufunga ndoa nilitakiwa kusema nimekubali kumuoa Retno, nikasema nimekubali kumuoa Letno, mjomba wake akapaza sauti, "Letno ndiye nani tena? Bibi harusi wetu ni Retno!" watu wakashika mbavu, kadhi akanitaka nirudie mara tatu, jasho likanitoka mpaka kofia ikalowa, lakini Retno aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, "Mas," ndivyo wake wa hapa wanavyowaita waume zao, "mimi najua unanitaja mimi, endelea tu," na kwa maneno hayo nampenda mpaka kesho.

Sasa tumejaliwa mtoto wetu wa kwanza, Bagas, ana miezi miwili, na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Mtoto akizaliwa baba yake ndiye humwadhinia sikioni, na mimi niliogopa kuliharibu jina la Mungu katika sikio jipya, nikamsukumia shemeji yangu nikisema nina kikohozi, na kikohozi sikuwa nacho. Tangu siku ile mtoto hanyonyi vizuri, anashika ziwa linamponyoka, analia, anashika tena, mdomo unaalika ta-ta-ta, maziwa yanamwagika pembeni, anakaa ziwani saa nzima na bado ana njaa, chuchu za Retno zimechanika zinatoa damu, na kliniki wanasema uzito karibu haupandi. Mkunga wetu Lastri alimtazama akinyonya, akambadilishia mkao mara kadhaa, haikusaidia, ndipo akatia kidole akaunyanyua ulimi, akakuta kijinyama cha chini kimeushika karibu kabisa na ncha. Akasema tumpeleke hospitali ya wilaya daktari akikate, ni kazi ya dakika chache.

Retno aliporudi kutoka kwa mkunga akanifuata kwenye sufuria ya soya.

"Mas, hebu toa ulimi."

"Wa nini?"

"Toa tu, nione."

Nikamwambia soya inafurika, nikatoka nje.

Mama mkwe wangu naye akasema kosa ni langu, nilifunga mbuzi wa jirani wakati Retno ana mimba, kwa hiyo nikamfunga mtoto ulimi, kisha akasema, "Mtu akikatwa ulimi huwa bubu. Mnataka bubu humu ndani?" Na badala ya kusimama na mke wangu nikasema, "Tusubili kwanza." Tumesubiri wiki tatu. Retno anakamua maziwa anamnywesha kwa kijiko, na mimi hanisemeshi.

Mama, siogopi mkasi. Naogopa watu wajue kuwa kasoro imetoka kwangu, na kuna baya zaidi ya hilo: nilisema moyoni, mimi nilipita hapo hapo bila mtu kunisaidia, naye atapita. Baba gani anawaza hivyo? Nisaidie, akatwe au tungoje akue? Na mimi kwa umri huu, nimeshachelewa?

Darmuji, Kebumen

*

Darmuji mwanangu,

Wasomaji wangu wanajua kuwa barua hungoja zamu. Yako sikuingojesha. Namba yako ilikuwa nyuma ya bahasha, nikapiga siku ile ile, ukapokea ukanyamaza. Nikakwambia si lazima useme, sikiliza: mtoto wa miezi miwili ambaye uzito haupandi hangoji gazeti, mpelekeni kesho. Ukajibu neno moja, "Ndiyo," na halikuwa na R.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Retno. Mlikwenda watu wanne, kwa sababu mama mkwe wako alitaka kushuhudia mwenyewe mjukuu akifanywa bubu. Daktari alimpima Bagas, akamtazama akinyonya, kisha akauliza kama kuna mwingine kwenye ukoo mwenye ulimi kama huu. Nawe, Darmuji, ukafungua mdomo ukautoa ulimi wako wote, yaani ule uliokubali kutoka, mbele ya daktari, mke na mama mkwe. Retno anasema alilia kabla hata mkasi haujatoka.

Wewe ndiye uliyemshika mtoto kichwa. Hukumwachia mpaka mwisho. Damu ilikuwa matone machache. Bagas akapiga yowe lililofika barabarani, na bibi yake akatamka, "Haya, sauti ipo." Akawekwa ziwani pale pale. "Nikamsikia anameza, Mama," Retno aliniambia, "anameza kweli!" Siku mbili tatu za kwanza alikuwa bado anahangaika, maana alikuwa anajifunza upya. Wiki mbili baadaye mshale wa mizani umepanda vizuri.

Sasa nikugombeze kidogo. Mbuzi hana kesi. Kila mtu ana kijinyama hicho chini ya ulimi. Wengine huzaliwa nacho kifupi au kinene, na mara nyingi ni cha ukoo, kama pua. Si dhambi wala si laana. Na wazazi wengine msinikimbilie na mikasi: wako watoto wenye ulimi wa namna hiyo wanaonyonya vizuri tu, hao waacheni. Mkunga atazame kwanza mtoto anavyonyonya, kama Lastri alivyofanya.

Lile la "naye atapita" umelitubu kwa kuliandika. Ila mtoto hazaliwi aje kurudia mateso ya baba yake ili baba asijione peke yake. Wiki tatu za kijiko ni zako, na Retno anastahili umwombe radhi kwa mdomo, si kwa kumletea tempe.

Kuhusu wewe: hujachelewa, lakini usitarajie muujiza. Mtu mzima hutiwa ganzi, hukatwa, pengine hushonwa nyuzi mbili tatu. Kukata hakufundishi ulimi kitu. Ulimi wako umezoea kulala chini miaka thelathini na sita. Wapo wanaoipata R kwa mazoezi bila kukatwa, na wapo wanaokatwa wasiipate kamwe. Kwa hiyo anza na mtaalamu wa matamshi. Hospitali ile ile watakuelekeza. Akuchunguze, akupe mazoezi, uyafanye kila siku miezi kadhaa, ndipo mzungumze habari ya mkasi. Ukiamua kubaki na L yako, baki nayo bila kuomba msamaha sokoni.

Retno ameniambia jambo jingine: humsemeshi mtoto watu wakiwepo. Hilo likome leo. Bagas akiamka mchana huu, mtoe ukae naye mlangoni majirani wakiwaona, umsimulie chochote kwa sauti yako, hata jinsi soya inavyoloweshwa. Miezi hii ndiyo anayojifunza baba yake anavyosikika.

Mama Wening