Shukrani kwa Ajili ya Gideoni

Kijijini, nje ya Lichinga, Msumbiji
12 Juni 1994

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, wasiwasi wangu ni ninyi huko Hombolo. Mama anaendeleaje na miguu? Mtama mmeshavuna? Mimi nimeungua jua hata hutanitambua, maana tangu tufike, kikundi chetu cha kanisa kinafyatua matofali kutwa. Kanisa la hapa lilichomwa wakati wa vita, zimebaki kuta mbili. Watu wanasali katikati yake juani, na wanaimba mpaka unasahau kuwa hakuna paa.

Baba, kuna jambo limenitoa machozi. Jumapili iliyopita ilikuwa shukrani ya mavuno, wakaniomba niite familia mbele, kwa kuwa sauti yangu unaijua. Akaja mama mmoja, Emilia, anayejua Kiswahili, kama wengi hapa, kwa sababu alikuwa mkimbizi kwetu Tunduru. Alibeba kikapu cha mahindi peke yake. Mimi, kama tunavyofanya nyumbani, nikamwambia angoje kwanza awaite na watoto. Emilia hakukasirika. Akasema, "Watoto wangu walikufa vitani, mwanangu. Hao ndio ninaowatolea shukrani."

Kisha akawataja, Augusto na Rosa, akaeleza Augusto alivyokuwa akiogopa kuku na Rosa alivyokuwa mchoyo wa ndizi. Watu wakacheka. Emilia mwenyewe akacheka. Sikujua kama mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa alichokwisha kunyang'anywa.

Nikamkumbuka kaka Gideoni. Tangu homa ya uti wa mgongo imchukue, ulikataza jina lake lisitajwe nyumbani, na majirani waliozoea kukuita Baba Gideoni wakaambiwa wakuite Baba Elieth. Nimetii. Lakini natamani sana kulisikia tena kinywani mwako.

Binti yako,
Elieth

Hombolo
10 Julai 1994

Kwa Elieth,

Marahaba. Sisi wazima. Miguu ya mama yako ni ile ile, mdomo ndio una afya zaidi. Mtama si haba, ndege wametuonea huruma.

Barua yako niliisoma kwa sauti, mama yako akisikiliza, nikafika kwenye lile jina nikaikunja. Yeye akaichukua akaenda kuimalizia jikoni. Elieth, ulitumwa huko kufyatua matofali, hukutumwa kumfundisha baba yako kulia. Huyo Emilia namheshimu, ana moyo wake. Mimi nina wangu. Mtoto nimemlea mpaka akanipita kimo, halafu nikamfukia mimi. Nishukuru nini hapo?

Usiniandikie tena habari hizo. Mama yako anakusalimu.

Baba yako

Nje ya Lichinga
7 Agosti 1994

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima wa afya. Unisamehe kwa kukuumiza. Nilikusudia kukutii na kukuandikia habari za matofali tu, ila nimeshindwa.

Nilimwuliza Emilia kama halii. Akasema analia sana. "Nilipokuwa nimenyamaza," akasema, "nilikumbuka siku waliyokufa tu. Nilipoanza kuwasema, nikakumbuka na siku nyingine."

Jumapili nikasimama mbele ya wale watu wasio na paa nikamshukuru Mungu kwa kaka yangu, aliyenibeba kwenye baiskeli hadi shule na kunitania njia nzima. Walimpigia makofi kijana wasiyemjua. Ukinikasirikia nitaelewa.

Binti yako,
Elieth

Hombolo
9 Oktoba 1994

Mwanangu Elieth,

Marahaba. Habari za kazi? Huku tu wazima. Nimechelewa kukujibu kwa kuwa nilikuwa na hasira.

Ile safu ya mizabibu aliyoipanda kaka yako karibu na korongo, sijaikata matawi wala kuivuna tangu alipotutoka. Mwezi uliopita nikapita pale nikakuta imezaa hivyo hivyo, vichala vidogo vidogo, vitamu mno. Hakuna mkono wa mtu ulioigusa. Nikavua kofia peke yangu shambani.

Jumapili nikavipeleka kanisani. Unajua desturi yetu, kila kilicholetwa hunadiwa uwanjani baada ya ibada. Mzee wa kanisa akanyanyua kikapu akauliza ni shukrani ya nini. Nikasema, "Ya Gideoni. Tulipewa miaka ishirini na miwili naye, na hakuna hata mmoja niliostahili."

Aliyenunua kikapu akakirudisha kinadiwe tena, wa pili naye vivyo hivyo, mwisho hakuna aliyekubali kuondoka nacho. Tukazila zabibu pale pale, kila mmoja akisema alivyomjua. Kumbe alikuwa akiuiga mwendo wangu nikishapita, kijiji kizima kinacheka isipokuwa mimi! Nilicheka mpaka mama yako akaniletea maji. Miaka yote nilikuwa nimewafungia watu mdomo, na wao walikuwa na mwanangu mwingi kiasi hiki.

Wakati wa kurudi mama yako alitangulia. Jirani akamwuliza mumewe yuko wapi. Nikamsikia akijibu, "Baba Gideoni anakuja nyuma."

Nami nikaitika.

Baba Gideoni