Herufi Nyeupe kwa Bunduki ya Babu

Safi, umeiona bunduki ya babu yako hapa mezani? Polisi aliileta asubuhi, wewe ulikuwa shambani. Babu amekufa ndani ya gereza la Kasongo tangu siku ya ine ya juma hili. Wamekwisha kumuzika.

Watu wa gereza waliandika herufi zao nyeupe, alama ya mali ya mufungwa, kwa chuma na kwa mubao wa bunduki. Ndugu zake watakuja leo kumulilia, na bunduki italala juu ya mukeka wake. Isilale na herufi zile. Usisugue na muchanga kama sufuria, utaondoa weusi wa chuma alioupenda sana. Pakaa mawese ya moto kidogo, ngoja rangi ilegee, kisha kwangua polepole na kijiti cha mwanzi. ~~Ikikataa, tia petroli.~~ Hapana, petroli itaharibu mubao. Ongeza mawese.

Kuku wape maji.

Mimi naenda Kasongo kuuliza walimuzika wapi. Polisi aliniambia, "Mama, shukuru, mali yenu imerudi." Nikasema asante, nikapokea bunduki na mikono miwili. Lakini nilitaka kumuambia: bunduki mungebaki nayo, mimi munirudishie bwana yangu.

Nyanya yako