Kengele za Wodini

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, kando ya kitanda cha Mama. Mguu wake umepungua kuvimba? Anakula? Na wewe, bado unalala kwenye kiti? Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma.

Uliniuliza kama nimeipata ile hitilafu, maana ikipatikana mumeo atarudi kazini. Nimeipata, dada. Nakuomba usifurahi kabla hujamaliza kusoma.

Unaijua kazi ya ile programu yetu ya hospitali: mgonjwa akibonyeza kengele, ujumbe unapita kwenye seva na kumfikia muuguzi kwenye kifaa anachotembea nacho. Haizimwi mwezi hadi mwezi. Lakini tangu ulipokwenda kwa Mama, ilikuwa inachukua kumbukumbu ya seva, ile nafasi yake ya kufanyia kazi, bila kuirudisha. Siku ya tisa au ya kumi inajaa, inaanguka. Adhuhuri ile ilipoanguka, kengele zilikaa kimya dakika kumi na mbili, na bibi mmoja wa wodi ya tatu, aliyechoka kubonyeza, akashuka kitandani mwenyewe, akaanguka na kuvunjika nyonga. Shemeji, kwa kuwa ndiye msimamizi wa programu, akasimamishwa kazi, nami nikapewa kutafuta chanzo.

Nilitafuta wiki tano. Kila saa nilipima kumbukumbu iliyotumika, nikachora mstari. Nilizima kipande kimoja cha programu, nikangoja siku nzima. Mstari ukapanda vilevile. Mwenzangu tunayemwita Mnyamavu, ambaye hanyamazi hata akitafuna, akanitania kwamba programu hii ni kama wifi yake, inaingia na mabegi na haiulizwi itaondoka lini. Nikamwambia aniondokee. Akasema haya mama mkali, lakini chai yako imepoa tangu asubuhi.

Ni yeye aliyenifumbua macho bila kujua. Alilalamika kwamba wauguzi wakipita koridoni karibu na lifti, mtandao unakatika. Nikachukua kifaa kimoja, nikaenda nacho na kurudi pale lifti mara mia moja, wasafishaji wakinitazama kama mwehu. Mstari ukaruka. Kila kifaa kilipokatika na kuunganishwa upya, muunganisho wa zamani ulibaki kwenye orodha moja isiyofutwa kamwe. Maelfu ya mazungumzo yaliyokwisha, yote yameshikiliwa. Nikafungua rekodi za mabadiliko nione nani aliiweka orodha hiyo. Jina lilikuwa la shemeji.

Jina ni lake, dada, vidole ni vyangu. Siku ile alikuwa amekusindikiza kwa Mama. Sikuwa na ruhusa ya kuingiza mabadiliko, nikampigia, akanitajia nywila yake kwenye simu, kama mtu anavyompa shemeji yake ufunguo wa nyumba. Nilimwambia narekebisha maandishi ya skrini tu. Orodha niliiongeza kwa majaribio ya siku moja, nikasahau kuiondoa.

Rekodi zilipofika kwa kamati ya uchunguzi ya hospitali, ilimuuliza kama kuna mwingine anayeijua nywila yake. Alisema hakuna. Alijibu bila hata kunitazama, nami nilikuwa nimeketi pale na michoro yangu, mdomo nimeufunga. Wakamfukuza. Alinisihi nisikwambie mpaka Mama apone.

Siku sita baadaye nilikwenda kwa mkurugenzi nikasema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema basi shemeji yangu ana makosa mawili, kutoa nywila na kuidanganya kamati, na uamuzi haubadiliki. Akaniambia nirudi kazini, programu inanihitaji. Nikaenda nyumbani kwako kumweleza shemeji. Hakunikaribisha ndani. Alisema, shemeji, nilikuwa mzembe tu. Sasa umenifanya na mwongo. Akafunga mlango polepole, bila hasira, na hilo ndilo linaloniua.

Sikuombi msamaha, maana sijui ungeutoa wapi. Programu ina siku kumi na saba haijaanguka. Wauguzi wananishukuru koridoni, nami naitikia.

Mpe Mama pole yangu, lakini barua usimsomee. Salamu za shemeji utampa mwenyewe ukirudi, zangu hazipokei.

Ni mimi mdogo wako,
niliyemponza mumeo.