Mikono ya Yaya Béa

Yaya,

Dada yangu mkubwa, jana nilirudi galeri yetu ya picha. Peke yangu. Tangu tukuzike sikuwa nimethubutu hata kupita barabara ile, na Jumapili zangu zimekuwa ndefu mno. Mama ndiye aliyenifukuza nyumbani: "Toka, mutoto, utaota uyoga humu ndani!"

Nikaangalia picha polepole ulivyonizoeza, moja moja, bila kusoma kwanza jina la mchoraji. Wavuvi wa Wagenia na mitego yao ya mtoni bado wamejaa kuta zote. Ungekuwepo ungeuliza kwa sauti, watu wote wasikie, "Hawa Wagenia hawajachoka tu?"

Kisha Tonton Jérôme, yule mzee mchoraji, akanipeleka chumba cha nyuma. Picha yako ipo, Yaya, ile uliyomkalia akuchore kabla ya homa kukushika. Uso umekamilika, na kitambaa chako cha njano, na lile tabasamu la mtu anayezuia kicheko. Lakini mikono hakuna. Unajua mazoea yake, uso kwanza, mikono mwisho kabisa. Pale mapajani pamebaki turubai tupu.

"Bon, ikala pale," akaniambia, akinionyesha kiti. "Wewe na yaya yako muko na mikono moja. Unipe saa moja tu."

Nilikataa. Nilikasirika, kusema kweli. Niliona anataka kukuziba wewe kwa kiraka cha mimi. Nikatoka bila kuaga.

Nikaenda kwenye malewa yetu, kile kibanda cha chakula tulipozoea kula baada ya picha. Nikaagiza liboke ya samaki na lituma ya ndizi za kuponda. Nikafungua majani, nikamega kichwa cha samaki, nikakisukuma ng'ambo ya meza. Kwako. Mama mwenye malewa akakiona, akaenda kuchochea makaa. Nililia, Yaya, wala si pilipili. Ninakukosa kila mahali, lakini pale mezani zaidi.

Nilipotulia nikaanza kula. Ndipo nikaona vidole vyangu vinachambua miba na kuipanga ukingoni mwa sahani, mmoja mmoja. Wewe ndiye uliyekuwa ukifanya hivyo, mimi nikikucheka! Sikujua kama na mimi hufanya. Nikakaa nikiviangalia mpaka chakula kikapoa. Nikala hata kile kichwa, nikanawa, nikarudi kwa Tonton.

Nilimkalia mikono ikiwa mapajani mpaka ikafa ganzi, sikuthubutu kutazama turubai. Alipoigeuza, ulikuwa umekaa pale, mzima, kama unayengoja nimalize kuvaa viatu tutoke.

Kwaheri, Yaya wangu. Pumzika, mimi nitaendelea kutoka kila Jumapili, nakuahidi. Na Jumapili ijayo ninamleta Mama akuone. Tonton na mimi tumekubaliana kutosema kitu kuhusu mikono. Mama akikugusa vidole na kusema, "Angalia mikono ya mutoto wangu," nitanyamaza, maana hatakuwa amekosea.

Mdogo wako,
Nadine